Silaha za mpini mrefu za China ya kale: tuutazame mpini kabla ya makali

Mleta mada

Wakuu, habari za wakati huu. Wengi wetu tulizijua silaha hizi katika mabanda ya video, tukiwa tumebanana kwenye mabenchi, sauti ya msimuliaji ikiifunika sauti ya filamu, huku shujaa mmoja akiuzungusha mkuki mpaka ukaonekana kama feni na maadui ishirini wakisubiri zamu zao kwa adabu. Sina ugomvi na burudani ile. Nimefungua uzi huu kwa sababu kwa muda mrefu nimekuwa nikizifuatilia silaha zenyewe, zile zilizofukuliwa makaburini na zile zilizoelezwa na makamanda waliozitumia, na kadiri nilivyozidi kusoma ndivyo nilivyobaini kwamba macho yetu hukimbilia mahali pasipostahili. Sisi tunatazama chuma, ilhali mafundi na makamanda wa China walianza na mpini: urefu wake, unene wake, umbo lake kiganjani, na mti au mwanzi uliotumika kuutengeneza.

Nianze na silaha kongwe inayoitwa ge. Bapa lake lilikuwa la bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati, nalo lilifungwa mkingamo karibu na ncha ya mpini, kama sululu yenye upande mmoja tu. Katika enzi ya Shang, takriban kati ya mwaka 1600 na 1046 KK, hii ndiyo iliyokuwa silaha ya kawaida ya askari, na umaarufu wake ulikuwa mkubwa kiasi kwamba alama ya maandishi ya Kichina inayosomeka "vita" imebeba ge ndani yake hadi leo, na ile ya "nchi" iliibeba hadi ilipokuja kurahisishwa katika karne iliyopita.

Ge ilifanya kazi mbili. Kwanza ilidona kutoka juu, ncha ikitafuta bega, shingo au fuvu. Pili, na hapa ndipo ilipokuwa na hatari yake halisi, ilinasa: askari aliipitisha nyuma ya shingo au mkono wa adui kisha akauvuta mpini kuelekea kwake, na makali ya upande wa chini wa bapa yakakata katika kule kuvutwa. Baadaye mafundi waliliongezea bapa hilo kipande kirefu kinacholala sambamba na mpini, chenye matundu ya kupitishia kamba, ili lisichomoke linapogonga mfupa au ngao, na kipande hicho nacho kikatiwa makali.

Sasa fikirini jambo moja dogo. Silaha ya namna hii ikizunguka mkononi kwa kiasi kidogo tu, bapa hutua kwa ubavu wake na adui hupata kofi badala ya jeraha. Dawa yake imeandikwa katika Kaogong ji, maelezo ya ufundi ya China yaliyokusanywa karne kadhaa kabla ya Kristo: silaha ya kunasa ipewe mpini wenye umbo la yai, na silaha ya kuchoma ipewe mpini wa mviringo kamili. Askari aliyeshika mpini wa yai, hata gizani, hata macho yake yakiwa kwa adui, alijua kwa kiganja chake makali yanaelekea wapi. Mwenye mkuki hakuhitaji hilo, kwa kuwa mkuki huchoma vilevile hata ukizungushwa.

Maelezo hayohayo yanataja vipimo. Mpini wa ge uwe chi (kipimo cha urefu cha Kichina) 6 na nusu na kidogo, ambazo ni kama mita moja na nusu; ji, silaha iliyounganisha ge na mkuki, ya kwenye gari la vita la kukokotwa na farasi iwe chi 16; mikuki ya aina mbili iwe chi 20 na chi 24. Kisha linakuja sharti ambalo mimi huliona la busara kuliko yote: silaha isizidi mara tatu ya kimo cha mtu, kwa sababu ikizidi hapo haitumiki, tena humdhuru aliyeishika. Anayekwenda kushambulia nchi ya wengine abebe silaha fupi, kwani askari wake ni wengi, wana njaa, wanatembea mbali na kupenya misitu na milima; anayelinda nchi yake abebe ndefu, kwani watu wake ni wachache, wameshiba na hawaendi mbali. Mtu aliyeandika maneno haya alikuwa anawajua askari wanaochoka.

Karibuni tuchangie.

Mchangiaji, fundi seremala

Mkuu, shukrani kwa mada. Mimi si mtu wa historia, mimi ni fundi wa mbao, ila hilo la mpini wa yai nimelielewa kabla hujamaliza kulieleza. Mpini wa shoka hatuuchongi mviringo hata siku moja. Tunauacha na ubapa kidogo ili mkataji asipotazama, mkono wenyewe umwambie shoka limekaaje. Mteja akiletewa mpini wa shoka uliochongwa mviringo kama wa fagio, anaurudisha siku hiyohiyo.

Swali langu: mpini wa mita tatu au nne wa mti mtupu ungekuwa mzito mno na bado ungepasuka. Waliufanyaje?

Mleta mada

Ndugu fundi, umegusa penyewe. Mwaka 1978, huko Suizhou katika jimbo la Hubei, lilifukuliwa kaburi la mtawala aitwaye Yi wa dola ya Zeng, aliyezikwa takriban mwaka 433 KK. Watu wengi wanalikumbuka kwa sababu ya kengele zake za bronzi, lakini kaburi lilikuwa limejaa maji kwa karne nyingi, na maji hayo yaliihifadhi mipini ambayo kwingineko ilikwishaoza zamani. Ikaonekana kwamba mipini ile mirefu haikuwa ya kipande kimoja. Katikati palikuwa na ufito wa mti. Ufito huo ulizungushiwa vipande vyembamba vya mwanzi vilivyopasuliwa kwa urefu. Juu yake ukakazwa uzi wa hariri. Na mwisho vyote vikapakwa laka, ile rangi ya utomvu wa mti inayokauka ngumu na kuzuia unyevu. Mti uliupa mpini ugumu, mwanzi ukaupa kurudi sawa baada ya kupinda, hariri ikazuia visitawanyike.

Katika kaburi hilo zilipatikana pia ji zenye mabapa matatu ya ge yaliyopangwa moja chini ya jingine juu ya mpini mmoja wenye urefu wa zaidi ya mita 3. Ji, kwa wasioijua, ni muungano wa ge na mkuki: ncha ya kuchoma mbele, bapa la kunasa pembeni. Ya mabapa matatu ilikuwa ya kwenye gari la vita.

Na kwa kuwa wewe ni fundi, utalipenda hili. Kaogong ji inaeleza jinsi mkaguzi alivyoupima mpini kabla ya kuupokea. Aliusimamisha ardhini akautikisa, aone unayumba kiasi gani. Aliubana kati ya kuta mbili, aone unapinda kwa usawa au una mahali dhaifu. Kisha aliulaza mkononi na kuutikisa tena, apime nguvu yake.

Mchangiaji wa tatu

Samahani, sijaelewa habari ya magari ya vita. Kwa nini watu waliokuwa juu ya gari walihitaji kunasa badala ya kuchoma tu kwa mkuki?

Mleta mada

Swali zuri. Gari lenyewe lilikuwa la magurudumu mawili, na kwa kawaida lilibeba watu watatu: mwendeshaji katikati, mpiga upinde kushoto kwake, na kulia kwake mtu wa silaha ndefu. Magari mawili yakielekeana uso kwa uso, kati ya askari na askari kuna farasi wa pande zote mbili, na hakuna mkuki utakaovuka umbali huo. Nafasi ya kupigana kwa mkono ilipatikana pale tu magari yalipopishana ubavu kwa ubavu, na hata hapo vitovu vya magurudumu vilivyochomoza viliyatenga. Nafasi hiyo ni fupi kama ya mabasi mawili yanayopishana. Mwenye mkuki akikosa shabaha yake, gari limekwishapita. Mwenye ge aliitandaza silaha yake ubavuni, na mwendo wa magari yenyewe ukamsaidia kukata.

Ndiyo maana magari ya vita yalipoachwa, na majeshi makubwa ya miguu na ya wapanda farasi yakachukua nafasi yake, ge nayo ikaanza kufifia. Haikuondoka kwa siku moja. Katika mashimo ya askari wa udongo wa mfalme wa kwanza wa Qin, yaliyogunduliwa karibu na Xi'an mwaka 1974, zimo ge zenye jina la Lü Buwei, waziri mkuu aliyekuwa na dhamana ya utengenezaji wa silaha, pamoja na mwaka zilipofuliwa. Lakini humohumo imo silaha nyingine, pi, ambayo iliwapoteza wataalamu mwanzoni. Kichwa chake cha bronzi kinafanana kabisa na upanga mfupi, na kilipopatikana peke yake kilidhaniwa kuwa upanga. Baadaye ilionekana alama ya mpini uliooza udongoni, wenye urefu wa zaidi ya mita 3, na ikabainika kwamba ule haukuwa upanga bali mkuki. Huo ni mfano mwingine wa yale niliyoanza nayo: bila mpini, hata mtaalamu hajui ameshika nini.

Ji ya chuma iliendelea katika enzi ya Han na baada yake, kisha ikageuka pambo. Kufikia enzi ya Tang ilipangwa kwenye malango ya wakubwa kuonyesha vyeo vyao, na michoro ya kuta katika kaburi la mwanamfalme Yide inaonyesha safu za ji za namna hiyo. Sitakaa sana hapo.

Mchangiaji wa nne

Mkuu, mimi nilifundishwa kung fu kidogo nikiwa kijana, na mkuki tuliopewa ulikuwa unayumba kama unyasi, una shada jekundu shingoni. Mwalimu alisema ndio mkuki wa vitani. Ni kweli?

Mleta mada

Ndugu yangu, mkuki wa maonyesho umefanywa mwembamba ili uyumbe na kuwapendeza watazamaji. Wa vitani ulikuwa mnene kitakoni na ukapungua taratibu kuelekea ncha; ulipinda kidogo, ila haukuwa ukinesanesa ovyo. Shada, hilo ni la kweli. Lilizuia damu isitiririke hadi mikononi na kuufanya mpini uteleze, na likitikiswa mbele ya macho ya adui lilimfichia ncha.

Kuhusu namna ya kuushika, msingi unaofundishwa hadi leo una matendo matatu: lan, na, zha. Mkono wa nyuma, kwa kawaida wa kulia, hushika kitako karibu na nyonga, nao ndio injini. Mkono wa mbele haukazi. Huwa kama mfereji ambamo mpini unateleza kwenda na kurudi. Lan ni kuizungusha ncha upande mmoja ili kuusukuma mkuki wa adui nje ya mwili wako, tendo liitwalo "na" ni kuizungusha upande wa pili ili kuugandamiza, na zha ni kuchoma, mkono wa nyuma ukiusukuma mpini wote kupitia mkono wa mbele mpaka mikono inakaribia kukutana.

Ukubwa wa mduara huo ulikuwa suala zito. Jenerali Qi Jiguang, ambaye nitamrudia, alimwuliza msomi na kamanda Tang Shunzhi kwa nini wengine huzungusha mduara mpana wa chi tano na yeye huzungusha wa chi moja tu. Jibu la Tang ni la mtu aliyepiga hesabu. Mtu akisimama kwa ubavu, upana wake ni kama cun saba au nane, na chi moja ina cun kumi. Ukiusukuma mkuki wa adui kwa chi moja, tayari umekukosa. Ukiusukuma zaidi ya hapo hujaongeza usalama wowote, umepoteza nguvu zako bure. Akamweleza Qi kwamba mduara huo mmoja ulimgharimu kazi ya miaka kumi.

Ukitaka kujua ugumu wake, chukua ufito wa mita tatu, ushike kitakoni, ujaribu kuchora kwa ncha yake mduara wenye ukubwa wa sahani ukutani mara hamsini. Mimi nilijaribu uani kwangu. Kufikia ya kumi na tano sahani ilikuwa imekuwa beseni, na mkono wa kulia ulikuwa unawaka moto.

Mchangiaji wa tano

Nina shaka. Kama mkuki ulikuwa bora hivyo, mbona maharamia wa Kijapani waliwasumbua Wachina kwa panga tu?

Mleta mada

Shaka yako ina msingi, na jibu lake ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Katikati ya karne ya 16 pwani ya China ilishambuliwa na maharamia walioitwa wokou. Jina linadokeza Wajapani, lakini wengi wao walikuwa Wachina wenyewe. Walikuwa na panga ndefu za Kijapani za kushikwa kwa mikono miwili, walikuwa wepesi wa kuruka na kuingia ndani ya ncha ya mkuki, na pigo lao liliweza kuukata mpini. Mkuki mmoja ukishapitwa ncha yake, mwenye nao amebaki na fimbo.

Qi Jiguang, aliyezaliwa mwaka 1528, alitumwa kupambana nao huko Zhejiang. Askari aliowakuta hawakumridhisha, hivyo mwaka 1559 aliandikisha wapya huko Yiwu, wakulima na wachimba madini, watu wa kazi ngumu wasio na maringo ya mjini. Kisha akawapanga katika vikosi vidogo alivyoviita vya bata wa mandarini, kwa kuwa bata hao husemwa kuishi wawili wawili. Kila kikosi kilikuwa na watu 12: kiongozi mmoja, wawili wenye ngao, wawili wenye langxian, wanne wenye mikuki mirefu, wawili wenye mikuki ya uma, na mpishi.

Langxian ndiyo ya kustaajabisha. Ni mwanzi mkubwa wa karibu mita 5, wenye ncha ya chuma, ulioachwa na matawi yake. Naam, matawi. Unaukata shambani, unaupunguza majani, unauwekea chuma mbele, na matawi yaliyobaki yanatandazika pande zote tabaka baada ya tabaka. Haukuwa wa kuua bali wa kuzuia. Mwenye upanga akiruka, anaruka ndani ya kichaka. Akikata tawi moja, yako mengine nyuma yake. Na wakati amenaswa humo, mikuki miwili inamchoma kutoka nyuma ya kichaka hichohicho. Ngao zinalinda mbele chini, wenye uma wanalinda mikuki adui akipenya. Qi mwenyewe alitambua faida ya moyoni pia: askari mwoga akijiona yuko nyuma ya kichaka hicho, miguu yake hubaki mahali pake. Mwaka 1561 jeshi lake liliwashinda maharamia mara kadhaa mfululizo katika eneo la Taizhou.

Kuhusu mbwembwe za filamu, Qi alikwisha kuzijibu katika Jixiao xinshu, kitabu chake cha mafunzo cha mwaka 1560. Anaeleza kwamba katika mstari wa mamia ya watu wanaosonga pamoja, shujaa haruhusiwi kutangulia wala mwoga kubaki nyuma, mikuki inakuja kama kichaka na inajibiwa kama kichaka, na hata kugeuza mkono ni shida, seuze kurukaruka kushoto na kulia. Mapambo ya mchezo aliyapiga marufuku katika mazoezi.

Na mtihani wake ulikuwa huu. Ubao wenye kimo cha mtu unasimamishwa, una matundu matano: la jicho, la koo, la moyo, la kiuno na la mguu. Katika kila tundu kuna kijitufe cha mti chenye upana wa cun moja, yaani kama sentimita tatu. Askari anasimama hatua 20 kutoka hapo. Ngoma ikilia, anakimbia na mkuki wake na kuchoma mpaka kijitufe kinaning'inia kwenye ncha, kisha anarudia hadi matundu yote matano yawe matupu. Ni mtihani wa kukimbia huku moyo ukidunda, tena ukiwa umeshika mti mrefu kuliko nyumba, na bado ncha iende pale unapotaka.

Mchangiaji wa nne

Nimekubali. Basi tumalizie na Guan Yu, yule jenerali wa kale, na lile panga lake la mpini. Kilo ngapi kweli?

Mleta mada

Uzito wa jin 82 umo katika riwaya ya Falme Tatu, iliyoandikwa zaidi ya miaka elfu moja baada ya Guan Yu kuuawa mwanzoni mwa mwaka 220. Kwa jin ya enzi ya Ming hiyo ni karibu kilo 48, uzito wa mfuko wa saruji. Panga la mpini mrefu lenye bapa la mwezi mchanga linaonekana katika Wujing zongyao, ensaiklopidia ya kijeshi ya mwaka 1044, karne nane baada yake. Wasifu wa Guan Yu, ulioandikwa na Chen Shou karne hiyohiyo ya tatu, unasema kwamba mwaka 200 alimchoma Yan Liang katikati ya jeshi lake kisha akamkata kichwa. Neno lililotumika ni kuchoma, na kwa kuchoma mtu hutumia mkuki au ji.

Mapanga mazito kupita kiasi yalikuwepo kweli, lakini hayakwenda vitani. Katika mitihani ya maofisa wa jeshi enzi ya Qing, mtahiniwa alipewa panga la mpini la jin 80, 100 au 120 aligeuzegeuze mikononi kuthibitisha nguvu zake. La jin 120 ni zaidi ya kilo 70. Mitihani hiyo ilifutwa mwaka 1901, na baadhi ya vyuma hivyo vilibaki, ndiyo maana mgeni wa makumbusho huondoka akiamini kwamba mababu wa Wachina walikuwa majitu.

Mchangiaji, fundi seremala

Mkuu, mimi bado niko kwenye mti. Huo mkuki wa baadaye, usio wa mwanzi, ulichongwa kwa mbao gani?

Mleta mada

Ndugu fundi, haukuchongwa kutoka ubaoni. Unaojulikana zaidi ni mti uitwao bailashu, wa ukoo mmoja na mzeituni. Hutunzwa ili utoe vijiti virefu vilivyonyooka, kisha hukatwa ukiwa mchanga na kutumika mzima, upande wa mzizi ukiwa kitako na upande wa juu ukiwa ncha, kwa hiyo wembamba wake umetoka shambani na nyuzi zake hazijakatwa popote. Jina lake maana yake ni mti wa nta nyeupe, kwa sababu kuna mdudu anayeishi juu ya matawi yake na kutoa nta, ambayo Wachina waliitumia kutengeneza mishumaa.

Mchangiaji, fundi seremala

Sawasawa. Ukipasua ubao msumeno unakata nyuzi, na mpini hupasuka hapohapo nyuzi zilipokatwa. Nilikuwa nasubiri useme hivyo.